Mukwe Wangu na Jicho Langu la Kuume

Miaka miwili nilikuwa kipofu na hakuna aliyejua. Leo nalisema kwa sauti ndogo, lakini wakati ule nilijisifu sana moyoni. Wengine huficha nyama, wengine huficha mimba. Mimi nilificha giza.

Halikuja lote kwa siku moja. Jicho la kushoto lilitangulia. Lilikufa kuanzia pembeni, kama mtu anayefunga dirisha polepole ili usimsikie. Halafu la kuume likaanza kuona moshi mahali pasipo na moto. Jioni taa ya mafuta ilizungukwa na duara za rangi, na kichwa kiliniuma upande huo mpaka natapika. Niliwaambia watu ni malaria. Mwishowe moshi ukawa maziwa, na katikati ya maziwa pakabaki kitundu kidogo ambamo niliona mtu kama kivuli kinachopita nyuma ya pazia.

Nyumba yangu ya Kalembe niliijua kwa miguu. Maharagwe nilichambua kwa vidole, maana jiwe lina baridi yake na haragwe lina joto lake. Wanawake, ambao huniita Koko, yaani bibi, walisema, "Koko huyu, hata jiwe moja halimponyoki." Nilicheka. Nilikuwa na macho kumi, yote kwenye vidole.

Kwa nini nilificha? Kwanza kwa sababu ya mama yangu mzazi. Alikufa kipofu. Asubuhi tulimtoa nje kama gunia la mahindi ya kuanika, jioni tulimwingiza. Siku moja mimi na dada zangu tulienda shamba, mvua ikatukuta huko, tukajibanza chini ya migomba tukipiga soga, na hakuna aliyemkumbuka. Tuliporudi tulimkuta palepale, matope yamefika kiunoni, anaimba polepole ili asilie. Nilimwinua. Sikumwomba msamaha. Nilimwambia, "Mama, kwa nini haukuita?" Nilipoanza kuona moshi nikaapa: mimi sitakuwa gunia la mtu.

Na pili, vita. Kwetu, pale Masisi inapokutana na Walikale, kila mama anajua kukimbia kama anavyojua kupika. Unachukua mtoto, unachukua sufuria, unachukua mbuzi ikikubali kuvutwa. Kipofu anaambiwa, "Ngoja hapa, tutarudi kukuchukua." Nimewasikia watu wakiambiwa hivyo. Mimi mwenyewe nimemwambia mtu hivyo, na sikurudi.

Sasa nieleze habari ya mukwe, maana bila hiyo hamtaelewa aibu yangu iko wapi.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Hawagusani. Hawali sahani moja, wala mmoja hakai mahali ambapo mwenzake ameacha joto. Wakikutana njiani, mama anaingia kwenye majani, anageuza uso, mukwe anapita. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ni kubwa kuliko mlima. Kama kuna neno la lazima, linapitia kwa mtoto. Kama mtoto hayupo, unaambia kitu chochote kilicho karibu, sufuria ao mbuzi, na mwenzako anasikia.

Mukwe wangu ni mtu wa Walikale, wa msituni kabisa. Alikuwa amebeba mawe ya kasiterite, madini ya bati, kule Bisie, gunia mgongoni, siku mbili kwenye matope mpaka barabarani. Sikumtaka. Nilimwambia binti yangu, "Masisi mzima umekosa mwanaume, mpaka uende kuokota mla nyani?"

Binti akajibu, "Mama, huyu hanipige. Wale wa Masisi wenye ulipenda, unawajua vizuri?"

Nilinyamaza, lakini dharau haikunyamaza. Na niseme ukweli, ile desturi ilinifaa. Mtu ambaye hutakiwi kumwangalia, nani atajua kwamba humwoni?

Siku tulipokimbia Kalembe ilikuwa asubuhi, risasi zikipasuka ng'ambo ya mto kama mahindi kwenye sufuria. Nilishika kamba ya mbuzi. Watu walidhani ninaivuta. Mbuzi ndiyo iliyonivuta mimi. Binti yangu, tumbo lake kubwa, aliniambia, "Acha mbuzi, Mama, tukimbie." Nikafoka kwamba sitaacha mali yangu kwa wezi. Hivyo njo nilivyofika Mweso, mkaidi mbele ya watu, na kumbe nimeongozwa na mnyama.

Kwenye kambi ya wakimbizi, juu ya mji, tulipewa shitingi moja, turubai la plastiki. Desturi inataka nyumba mbili na uwanja katikati. Vita ilitupa plastiki moja, upana wa kitanda na nusu. Binti alitundika kitenge katikati: upande wa mlango mimi, upande wa ndani yeye na bwana wake. Nikahesabu hatua zangu upya. Tatu kutoka mlangoni, mkono wa kushoto, kitanda changu cha majani.

Mchana mmoja mvua ilinyesha sana. Nilikuwa nje kwa jirani. Maji yakaanza kuvuja upande wa ndani, binti akahamisha kila kitu: kitenge, kitanda changu, na chao akakiweka mahali pa changu. Akatoka kwenda kutafuta kamba. Mukwe alikuwa na homa, akalala. Mimi nikarudi nimelowa, jirani yangu nyuma yangu amebeba kuni. Hatua tatu, mkono wa kushoto, nikaketi. Nikaketi juu ya miguu ya mtu. Nikanyoosha mkono nijue ni nini, mkono ukaanguka kwenye ndevu.

Jirani akadondosha kuni zote. "Eh! Koko! Kwa mukwe wako? Kwenye kitanda?"

Maneno mawili yalitosha: sioni vizuri. Mawili tu. Nilikuwa nayo mdomoni, niliyasikia yakiwasha ulimi. Lakini niliona, na kuona huko hakuhitaji macho, nikitolewa asubuhi na kuingizwa jioni. Nikasikia sauti yangu ikipiga kelele:

"Ni yeye! Amekuja upande wangu! Amehamisha kitenge! Muntu wa pori haijue heshima!"

Mukwe aliamka. Alikohoa mara moja. Kulikuwa na bidon, dumu la maji, karibu na mlango, akaiambia hiyo: "Bidon, mwambie mama anisamehe. Ni mimi nimekosa."

Akavaa koti lake akatoka kwenye mvua na homa yake.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu bwana wangu, njo mkubwa wa familia. Alikusanya wazee. Mukwe aliulizwa kama alihamisha kitenge. Akasema ndiyo. Binti yangu akasema, "Hapana, ni mimi nilihamisha, yulu ya mvua, maji yalikuwa navuja," wakamwambia mwanamke hamtetei bwana mbele ya wazee. Wakaamua: mukwe alete kuku mweupe na pombe ya ndizi ya kuosha heshima yangu, na asiingie chini ya shitingi ile mpaka maharagwe yavunwe. Mukwe alileta kuku siku ya tatu. Sijui alilima shamba la nani ili ampate. Akahamia kwenye kibanda cha kanisa, bondeni, pale wanapoweka majembe.

Nilikaa mbele ya wazee nimenyoosha shingo kama mama aliyekosewa.

Haikupita muda, binti akazaa. Mtoto msichana. Kwetu bibi ndiye anayempokea mbele ya wanawake na kusema amefanana na nani. Walijaa mlangoni. Wakaniwekea mtoto mikononi, amefungwa nguo. Nikamsogeza karibu na uso wangu, nikatikisa kichwa kama mjuzi, nikasema kwa sauti, "Oho! Macho ni yangu kabisa! Na paji hili la uso, muliangalie, ni la ukoo wetu!"

Halafu mtu akacheka puani, na jirani yangu akasema, "Koko, iyo ni kisogo."

Wakaangua kicheko wote. Binti yangu peke yake hakucheka. Walipokwisha kutoka akaniuliza, "Mama, uko naona?"

"Niko naona. Ni moshi tu ya kuni mbichi."

"Vidole ni ngapi?"

"Usinifanye mutoto wa masomo."

"Ngapi, Mama?"

"Tatu."

Hakuwa ameinua kidole hata kimoja. Nilijua kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Tangu lini?"

Hapo njo pabaya. Nikisema tangu Kalembe, ataelewa mara moja mkono wangu ulifikaje kwenye ndevu za bwana wake. Nikasema, "Tangu mutoto alizaliwa. Juzi tu." Sikuona uso wake, na nilishukuru.

Juma lile lile walitangaza kanisani kwamba madaktari wa macho kutoka Goma wako kwenye hospitali ya Mweso kwa siku chache. Kila mgonjwa aje na mtu wa kumwangalia, garde-malade. Binti alikuwa mzazi wa siku sita, hawezi kushuka kilima. Akamwomba jirani.

"Mie?" jirani akasema, tena mbele yangu. "Nimuongoze huyu? Akijikwaa, kesho atasema nimemusukuma. Angalia mukwe wake iko wapi."

Basi binti akatuma neno kwenye kibanda cha kanisa. Asubuhi nikasikia miguu nje ya shitingi, na sauti: "Fimbo, mwambie mama ashike mwisho wako."

Tulishuka hivyo, yeye mbele amegeuza mgongo, mimi nyuma, fimbo katikati ili ngozi isiguse ngozi. Mkono wake mwingine ulibeba bidon ya maji ya kunywa, na alipoona jambo alimwambia bidon. "Bidon, iko shimo." "Bidon, iko jiwe kubwa, ainue mguu." Watu waliotupita walicheka. Nilikuwa nimekasirika, fikirini! Aliyebeba kosa langu ananiongoza kwa heshima, na mimi nakasirika kwa sababu anaijua kazi hiyo vizuri mno.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mikono baridi. Alinitilia tone la kuua maumivu, akanigusa mboni kwa kitu kidogo. Akafanya hivyo mara tatu, kila mara polepole zaidi.

"Koko," akasema, "jicho hili la kuume lina mambo mawili. La kwanza ni mtoto wa jicho: kioo cha ndani kimegeuka cheupe, njo maana unaona maziwa. La pili ni presha. Maji ya ndani ya jicho yanakosa njia ya kutoka, yanakaza jicho, yanaua mshipa wa nyuma. Sasa nisikilize vizuri. Kama hali hii imekuja ghafula, ni kile kioo kimevimba na kuziba njia. Nikikitoa, maji yatapita yenyewe, kazi imekwisha. Lakini kama ni ugonjwa wa siku nyingi, kutoa kioo peke yake haitoshi. Lazima siku hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo, nikufungulie na mfereji mdogo wa maji. Mfereji una hatari zake, sitoboi jicho la mtu bure. Na nyuma siwezi kuangalia, weupe umenifungia. Kwa hiyo mdomo wako njo taa yangu. Lilianza lini?"

Nilisikia maji yakigonga ndani ya bidon. Mukwe alikuwa mlangoni.

"Iko wiki tatu," nikasema.

"Na la kushoto? Halioni hata mwanga."

"Lilichomwa na tawi, tukikimbia."

"Katika familia yenu kuna aliyepofuka?"

"Hakuna."

Mama yangu, na matope yake kiunoni. Hakuna, nikasema.

Daktari aliligusa jicho mara nyingine. "Mboni yako inataka kuniambia kitu kingine," akasema, "lakini mboni haina mdomo. Sawa, Koko. Kesho nitatoa kioo."

Walitupa nafasi kwenye baraza ya hospitali, mimi kwenye benchi, yeye chini upande wa pili wa nguzo, mgongo kwa mgongo. Alinisogezea muhogo wa kuchemsha kwa fimbo. Nikala. Halafu akaanza kusema, polepole, na bidon yake.

"Bidon, mwambie mama, mie nilijua tangu Kalembe. Zamani akinisikia nakuja, alikuwa naingia kwenye majani. Kisha akaacha. Alikuwa nakuja mbele moja kwa moja, kama muntu mwenye hana mukwe. Nikasema, mama amenichukia mpaka ameacha desturi. Siku ingine nikasimama tu njiani, nikamuangalia. Alinipita karibu, akageuza uso kwa mti. Akasalimia mti. Nikaelewa. Tangu siku ile njo mie nilikuwa naingia kwenye majani."

Niliuweka muhogo kando.

"Mwambie ile kuku imekwisha kuliwa, siitake. Wazee wamesema yao, sitasema kitu kwa muntu. Lakini jicho iko moja tu. Daktari akifanya kazi ya wiki tatu kwa ugonjwa ya miaka, litakufa kama lile lingine. Aseme ukweli. Kama ni mie ananisikilia haya, nitaenda kukaa kwa mlango kubwa ya hospitali, nisisikie."

Akainuka, akaenda kweli. Aliacha bidon.

Ningependa kusema kwamba nililia, ao nilimwita. Sikumwita. Nilikaa na hasira, na chini ya hasira hofu, na chini ya hofu kitu kingine ambacho sikutaka kukipa jina. Miaka miwili nilidhani ninawadanganya wote, na mtu niliyemwita mla nyani alikuwa akitumbukia kwenye miiba na upupu kila akinisikia nakohoa njiani, ili mimi nionekane mama mwenye heshima.

Asubuhi walitupanga, kila mtu amebandikwa karatasi juu ya jicho la kupasuliwa. Nilipoitwa nilisimama katikati ya wagonjwa wengine, nikasema, "Daktari, mie ni muongo."

Benchi zikalia, watu wakinigeukia.

"Si wiki tatu. Ni miaka miwili, na zaidi. Tawi halijanichoma. Taa zilikuwa na duara za rangi, kichwa kikiuma natapika. Na mama yangu alikufa kipofu."

Daktari alikuja karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake. Hakupaza sauti. "Koko, ulitaka nipasue jicho ya muntu mwingine?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Iko mambo ya nyumbani."

Angalieni ujanja wa moyo. Ukweli ulionisaidia mimi niliutoa wote. Ule uliomsaidia mukwe niliufunga ndani ya maneno hayo matatu: mambo ya nyumbani. Na wakati huo alikuwa amekwisha kurudi. Nilimsikia akimwambia bidon, kwa furaha kabisa, "Aksanti."

Upasuaji siwezi kueleza wote. Walinichoma sindano chini ya jicho, ikauma kama siafu, halafu jicho likaondoka, sikulisikia tena kuwa langu. Wakanifunika kitambaa chenye tundu. Sikulala. Nilisikia vyuma vidogo vikigusana kama vijiko, daktari akiomba kitu kwa Kifaransa, maji yakitiririka kwenye sikio. Niliona rangi: nyekundu, kisha buluu kama moto wa mkaa. "Kioo kimetoka," akasema. Akaniwekea kingine kipya, cha plastiki. "Sasa mfereji, Koko, usikohoe." Nilibana pumzi kama mwizi chini ya kitanda.

Kesho yake walifungua bandeji. Kwanza mwanga, ukanipiga kama kofi. Halafu mkono wa daktari, na mistari yake yote. Halafu ukuta, na mjusi juu yake. Nikageuza kichwa kutafuta mlango, maana uwezo wangu wa kuona ulibaki mwembamba, kama unachungulia kwenye bomba la jani la mpapai. Mlangoni alisimama mwanaume, bidon mkononi. Mfupi kuliko nilivyodhani. Ndevu chache. Kwenye shavu na shingo makovu madogo madogo ya miiba.

Sikugeuza uso. Nilisahau. Yeye njo aliyegeuka haraka, akatazama nje, akalinda desturi kwa ajili yetu wawili.

"Nilichokuta hai nimekilinda," daktari akaniambia. "Kilichokufa sikifufui. Ungesema miaka miwili iliyopita, ungeona pana." Akaniagiza nisiliguse jicho, nisiiname, nisibebe mzigo, nitiliwe dawa mara nyingi kwa siku.

Kambini walinipokea kwa nyimbo. Koko anaona! Nikapewa mtoto, nikauona uso wake kweli safari hii. Hafanani na mimi hata kidogo. Amefanana na baba yake.

Na hapo, wenzangu, njo aibu yangu kubwa zaidi, kuliko kitanda, kuliko kuku. Nilikuwa na jicho, nilikuwa na ukweli, nilikuwa na mdomo. Nikanyamaza majuma matatu. Nilijiambia jicho lipone kwanza. Nilijiambia mavuno yako karibu, atarudi mwenyewe, kwa nini kuchokonoa? Mukwe alirudi kibandani kwake. Kila asubuhi, akienda kulima mashamba ya watu, alisimama barabarani chini yetu kidogo, akatazama juu kwenye shitingi. Binti alikuwa akimwinua mtoto juu ili amwone. Hakuwa amemshika hata mara moja. Zamani nisingejua. Sasa nilikuwa na jicho jipya, na kitundu chake kilikuwa kimeelekea pale pale barabarani. Nikageuka upande wa pili, na bado nilijua saa ambayo yuko pale.

Jumapili moja, baada ya misa, shemeji yangu na wazee walikuwa wamekaa wanakunywa uji. Nilitembea peke yangu mpaka katikati yao.

"Siku ile nilikuwa kipofu," nikasema. "Ni mie nilikaa kwa kitanda yake. Yeye alikuwa nalala na homa. Nilisema uongo."

Shemeji aliweka kikombe chini. "Koko, kuku tulikwisha kula."

"Najua. Na mie nilikula paja."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikatazama kikombe cha shemeji pale chini. Shemeji akasema, "Mukwe arudi leo. Nani ataenda kumwambia?"

"Mie."

Nilishuka bondeni polepole, nikigeuza kichwa huku na huku kutafuta njia. Alikuwa nyuma ya kibanda ananoa jembe. Nilisimama nimempa mgongo. "Jembe," nikasema, "mwambie mukwe wangu wazee wamejua ukweli. Nimeusema. Arudi kwa muke wake na mutoto wake. Na mwambie..." Nikashika ukuta wa kibanda.

Jiwe la kunolea liliacha kusugua. "Jembe," akasema, "mwambie mama nimesikia." Ni hayo tu. Halafu akapanda kilima mbele yangu, kwa haraka, na nikamwacha aende.

Shemeji aliniombea shitingi ingine, ndogo, upande wa pili wa njia, kama desturi inavyotaka. Naishi humo. Yeye ananisalimu kupitia mtoto sasa, bila kinyongo, na hilo halinipi usingizi mzuri. Angenitukana ningepumzika.

Ila binti yangu. Ananitilia dawa kila siku. Daktari alisema presha haina likizo. Anakuja, ananiinamisha kichwa nyuma, anashika kope kwa vidole viwili. Uso wake unakuwa karibu kabisa, ndani ya kile kitundu changu chote, hakuna pa kuangalia pengine. Naona mstari kando ya mdomo wake, sikuujua. Anasema, "Angalia yulu." Anasema, "Usipepese." Zaidi ya hayo hasemi.

Juzi nilimwambia, "Mwanangu, sema hata neno. Nitukane."

"Usiongee, Mama," akasema. "Dawa itamwagika."

Nikafunga mdomo. Jicho likabaki wazi, maana haliruhusiwi kufungwa mpaka tone liingie.